Siku yangu moja studio: gauni la mama lilikuwa la rangi gani?

Saa 12:30 asubuhi nilikuwa nimesimama kwenye daladala ya kutoka Pasua, begi la kamera limebanwa kifuani. Saa 1:30 nikafungua studio: chumba kimoja karibu na soko kuu la Moshi, taa mbili, mwavuli mmoja, printa, na pazia la bluu. Mpaka saa 5 nilikuwa nimepiga pasipoti saizi 19. Kidevu juu kidogo, mabega chini, asante, rudi baada ya dakika kumi. Wanaoishia kuona hayo ndio wanaosema kazi yetu ni kubonyeza tu.

Saa 5:20 wakaingia ndugu wawili, kaka na dada yake, macho mekundu. Mama yao anazikwa kesho Kibosho. Dada akatoa ndani ya Biblia picha ndogo nyeusi na nyeupe, kona imekunjika, ufa umepita shavuni. Mama akiwa msichana, kavaa gauni la ukosi mpana. Ndiyo picha pekee ya ujana wake.

"Tutengenezee ya rangi, dada, kubwa, ya kuweka mbele ya jeneza."

Nikawapa pole, nikaiskani, nikaanza. Ngozi haikunisumbua, maana binti kachukua rangi ya mama yake na alikuwa amekaa mbele yangu. Taabu ilikuwa kwenye gauni.

"Lilikuwa damu ya mzee," akasema kaka.

"Kijani cha chupa! Nililikuta sandukuni kwa macho yangu."

Wakabishana mpaka wakanigeukia mimi: wewe ndiye fundi, kompyuta inasemaje?

Kompyuta haisemi. Picha ya namna ile imehifadhi mwanga tu, hapa mwingi, hapa kidogo. Rangi yenyewe haikuandikwa popote. Hata programu za siku hizi za kutia rangi zinakisia. Kwa kuwa hawakuniamini, nilitundika khanga ya damu ya mzee, pembeni yake kitambaa cha kijani kiza, nikavipiga pamoja. Kwa kanuni iliyozoeleka, kompyuta ikitengeneza kijivu huchukua asilimia 30 hivi ya nyekundu, 59 ya kijani na 11 ya bluu, kisha inajumlisha. Rangi mbili tofauti kabisa zinaweza kutoa jibu moja. Nikaigeuza picha kuwa ya kijivu, na mpaka kati ya vitambaa ukafifia mpaka dada akasogea kuutafuta kwa kidole kwenye skrini. Iliyobaki ni mikunjo.

Wakampigia shangazi. Shangazi akasema zambarau.

Sikumbuki tena ilikuwa saa ngapi. Mtori niliouagiza ulipoa mezani, mteja wa pasipoti akachoka kusubiri akaondoka. Nilitengeneza la damu ya mzee, nikatengeneza la kijani, nikatengeneza la zambarau, na kila moja lilimfanya mmoja wao atikise kichwa. Mwisho nikawaambia: niruhusuni nimwache kama alivyopigwa, nimsafishe tu.

Kaka akachukia. "Watu watasema tumebana hela."

Neno hilo linaniuma kila ninapolisikia. Nikampeleka ukutani kwangu. Picha ya rangi ya harusi ya wazazi wangu, ya 1984, imechujuka, shela imekuwa ya pinki. Pembeni yupo babu, picha ya zamani zaidi kwa miaka mingi, nyeusi na nyeupe. Kope zake unaweza kuzihesabu. Babu alisafishwa kwenye chumba cha giza, sura yake imeshikwa na chembe za fedha. Ile ya harusi imeshikwa na rangi za kemikali, nazo hupauka. Kaka akasimama pale muda mrefu, halafu akasema haya, fanya.

Umeme ukakatika. Uliporudi, nikaanza kuziba ufa wa shavuni, kipande kwa kipande, jicho linawasha. Juu ya nyusi kulikuwa na alama nyingine. Dada akanishika mkono: "Hilo usifute, ni kovu lake." Nikaliacha.

Kopi ya kwanza ilitoka na ukijani. Printa ya rangi inachanganya wino ili ipate kijivu, na wino mmoja ukizidi kidogo tu, uso unaonekana kama wa mgonjwa. Siwezi kumpa mtu mama yake hivyo siku ya msiba. Nikarekebisha, nikatoa ya pili, bado. Ya tatu ikakubali. Karatasi mbili kubwa zikaenda kwa hasara yangu, na nje kulishaanza giza.

Dada aliipokea kwa mikono miwili, akaisogeza chini ya taa. Kwenye ukosi zilionekana nyuzi, mshono wa mkono, mmoja mrefu, mmoja mfupi. Zile rangi zangu tatu zote zilikuwa zimeufunika.

"Alishona mwenyewe," akasema.

Kaka akaomba kopi nyingine mbili ndogo, moja ya shangazi.