Ombi Moja si Ziara Moja

Seva ya wavuti haijui ukurasa ni nini. Inachokijua ni ombi: kivinjari kimeomba faili fulani, faili imetolewa, mstari mmoja umeandikwa kwenye logi (daftari la kumbukumbu za seva), basi. Mtu mmoja akifungua makala yenye picha 12, faili mbili za mitindo, fonti na skripti kadhaa, logi hupata mistari ipatayo 20 ilhali aliyesoma ni mmoja na alichofungua ni ukurasa mmoja. Kwa hiyo mwenye tovuti anayejigamba kwamba amepata maombi laki moja kwa mwezi hajatuambia lolote kuhusu wasomaji wake. Huenda ametuambia tu kwamba kurasa zake zina picha nyingi.

Njia iliyozoeleka ya kuyakusanya maombi hayo ni kuyapanga kwa anwani ya IP (namba inayokitambulisha kifaa au mtandao uliotuma ombi) na User-Agent (maneno ambayo kivinjari hujitambulisha nayo), kisha kukata pale panapotokea kimya kirefu. Programu ya Webalizer, kwa mfano, huhesabu ziara mpya baada ya kimya cha sekunde 1800. Mfano wa mwanzo unaotajwa sana ni utafiti wa mwaka 1995 wa Lara Catledge na James Pitkow wa Georgia Tech, Marekani, ambao walipima muda unaopita kati ya tendo moja na jingine la watumiaji wa kivinjari, wakapata wastani wa dakika 9.3, na baada ya kuzingatia mtawanyiko wa takwimu zao wakaweka mpaka kwenye dakika 25.5. Baadaye wengi wakazoea 30. Sioni sababu ya kuifanya namba hiyo kuwa sheria kwa msomaji wa leo mwenye simu mkononi.

Tatizo kubwa zaidi, hasa kwetu Afrika Mashariki, ni anwani yenyewe. Mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, na User-Agent haitusaidii tena kuwatenganisha: tangu mwaka 2023 Chrome ya Android hujitambulisha kama "Android 10; K" bila kujali simu ni ya aina gani. Anayetumia Opera Mini, kivinjari kinachopitisha kurasa kwenye seva za kampuni yake, naye huonekana kwa anwani ya seva za Opera, na anwani yake halisi hupita katika kichwa cha X-Forwarded-For (maelezo yanayoambatana na ombi), ambacho hakiandikwi kwenye logi mpaka mwenye seva aagize kiandikwe.

Kwa sababu hiyo mimi huanza na ukurasa, si na anwani. Kila faili ya HTML (faili ya ukurasa wenyewe) iliyojibiwa kwa 200 (imetolewa) au 304 (haijabadilika) inafungua ziara mpya, maana kwangu ziara ni kufunguliwa kwa ukurasa mmoja, na maombi mengine hutafuta mzazi wao kwa kufuata Referer, yaani anwani ya ukurasa au faili iliyosababisha ombi. Tazama mistari hii, niliyoipunguza ili isomeke:

203.0.113.7 10:14:02 /makala/karafuu.html, Referer: https://www.google.com/
203.0.113.7 10:14:02 /mitindo/kuu.css, Referer: /makala/karafuu.html
203.0.113.7 10:14:03 /fonti/maandishi.woff2, Referer: /mitindo/kuu.css
203.0.113.7 10:16:40 /picha/shamba-3.jpg, Referer: /makala/karafuu.html

Mstari wa kwanza unaonyesha jina la tovuti tu, kwa kuwa vivinjari vya sasa hukata anwani ya ukurasa vinapoipeleka kwa tovuti nyingine. Ndani ya tovuti ileile huipeleka nzima, na hapo ndipo mbinu yote inaposimama. Mstari wa tatu humponza asiyejua: fonti haikuitwa na makala bali na faili ya mitindo, hivyo programu isipopanda ngazi mbili itaiacha yatima. Wa nne umechelewa dakika mbili na nusu kwa sababu picha hiyo imewekewa agizo la kutopakiwa mpaka msomaji aikaribie. Anayekata kila kitu baada ya sekunde 10 ataitupa, ilhali huo ndio mstari pekee unaotuambia kwamba msomaji aliteremka chini ya ukurasa.

Mpangilio wa mistari nao una hila. Mtandao ukiwa dhaifu, HTML huteremka polepole, na kivinjari huiomba faili ya mitindo kabla HTML haijaisha. Kwa kuwa seva huandika mstari ombi linapokamilika, mtoto anaweza kuandikwa kabla ya mzazi. Programu ya seva ya Apache huweka muda ombi lilipopokelewa, kwa hiyo kupanga upya kwa muda kunatosha. Nyingine, Nginx, huweka muda wa kuandika, na inabidi uongeze $request_time (muda ambao ombi lilichukua) kwenye logi ili uutoe kwenye muda huo. Na kwa kuwa logi nyingi hukatwa usiku, faili ya jana na ya leo zisomwe pamoja.

Ukurasa usiovuta faili nyingine haumaanishi kuwa aliyekuja ni roboti. Msomaji wa jana bado ana mitindo na picha kwenye kache (hifadhi ya muda) ya kivinjari chake. Roboti nyingi hujitaja zenyewe, na WhatsApp nayo hujitaja inapochungulia ukurasa ili kutengeneza kionjo cha kiungo. Hizo huondolewa mapema.

Kiungo hicho kikishatua kwenye kundi la WhatsApp, watu kadhaa hukifungua ndani ya dakika moja wakiwa na anwani moja na User-Agent moja. Hapo siwezi kujua picha ipi ni ya nani, lakini idadi ya ziara haiharibiki, kwa kuwa kila mmoja ameomba HTML yake. Wapo wanaounganisha maombi ya ukurasa uleule yanayofuatana kwa sekunde chache, wakidhani ni mtu aliyeburudisha ukurasa. Mimi siyaunganishi: naona ni afadhali mmoja ahesabiwe mara mbili kuliko watatu wahesabiwe mmoja.

Kazi hiyo ikiisha, hufuta anwani za IP na kubakiza ukurasa, saa na idadi ya picha zilizofikiwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inakitaja kitambulisho cha mtandaoni miongoni mwa vitu vinavyoweza kumtambulisha mtu, na anwani hizo hazinifai tena kwa lolote.