Chapa ndogo za lino: usilaumu patasi, angalia wino

Anayeanza kuchapa kwa lino nyumbani, yaani kuchonga picha kwenye kipande cha lino, kukipaka wino na kukikandamiza kwenye karatasi, hutumia jioni nzima kuchonga, kisha huchapa haraka haraka kwa dakika kumi. Chapa ikitoka na madoa, lawama zote zinakwenda kwa patasi. Kwenye kipande cha sentimita 10 kwa 15 patasi haina kesi kubwa. Kinachoamua ni unene wa wino kwenye rola, na hapa Moshi wino wa Februari na wino wa Julai ni vitu viwili tofauti hata kama kopo ni lilelile.

Tuanze na lino yenyewe. Lino halisi ni mafuta ya kitani yaliyogandishwa pamoja na unga wa koki na unga wa mbao, juu ya kitambaa cha nyuzi za juti. Igeuze: ukiona nyuzi za gunia upande wa nyuma, umepata. Inayouzwa kwa kuchongea huwa na unene wa milimita 3 hivi. Kapeti la plastiki la sebuleni halina nyuzi hizo; patasi huteleza juu yake na wino hushika kwa mabaka. Soli ya kandambili inafaa kwa mihuri ya maumbo manene tu, maana ukiikandamiza inabonyea na mistari myembamba inapotea.

Kabla ya kuchonga, pitisha msasa laini wa namba 400 ukiwa na maji kidogo, utoe ule ung'avu wa juu. Asubuhi za Juni na Julai lino hukakamaa. Patasi inaruka na kingo zinamegeka. Iweke juani dakika kumi, au ipitishe pasi yenye moto mdogo juu ya kitambaa. Ikipoa, ipashe tena.

Patasi mbili zinatosha: ya mdomo wa V kwa mistari, na ya mdomo wa U wa milimita 5 kwa kuondoa sehemu pana. Ukikosa ya V, ubavu wa mwavuli mbovu una mfereji tayari. Ukate, unoe ncha, ukaze kwenye mpini wa mbao. Kunoa kila mara si lazima. Mkanda wa ngozi wa mtumba kutoka soko la Memorial, ukipakwa dawa ya kung'arishia shaba, unarudisha makali kwa kuvuta patasi mara kumi kinyumenyume. Patasi butu ndiyo inayokata vidole, kwa sababu unaisukuma kwa nguvu. Mkono mwingine ukae nyuma ya mdomo wa patasi, daima.

Sasa kuhusu kugeuka kwa picha, ambako Moshi ina mtego wake. Kutoka huku kusini mwa Kilimanjaro, kilele cha Kibo kiko kushoto na cha Mawenzi kulia. Ukichonga mlima kama unavyouona, chapa itatoka na Mawenzi kushoto, yaani umechora Kilimanjaro ya watu wa Kenya. Hakuna mtu wa Moshi atakayekusamehe. Chora kwanza kwenye karatasi nyepesi inayopitisha mwanga, igeuze kifudifudi juu ya karatasi ya kaboni, ndipo unakili kwenye lino. Halafu pitia mistari kwa maka peni isiyofutika, la sivyo kaboni itachafua chapa za mwanzo. Maandishi nayo hivyohivyo. John Muafangejo wa Namibia (1943–1987) alijaza sentensi nzima ndani ya chapa zake za lino. Jaribu kuchonga neno moja tu kinyume ndipo utajua ile ilikuwa kazi ya aina gani.

Ukichonga, shuka milimita 1 hadi 1.5, na kuta za mstari zilalie nje. Ukichimba kwa ndani chini ya ukingo, ukingo unabaki bila msingi na utavunjika kwenye chapa ya tano au ya sita. Jani la mgomba ni zoezi zuri: uti wa kati uache mpana, mishipa ivute kwa V kutoka utini kwenda nje huku ukipunguza mkandamizo, mstari ufe wenyewe. Mipasuko ya upepo iweke mwisho, michache.

Wino wa maji ni rahisi kusafisha, lakini saa nane mchana wa Februari unakauka kwenye rola kabla hujafika kwenye lino. Kwa chapa ndogo napendelea wino wa mafuta. Wanaochapa kadi za harusi na kalenda kwa mashine za ofseti wanao wa kopo, na kiasi kidogo tu kinakutosha muda mrefu. Chukua nusu kijiko cha chai, ukande kwa skrepa juu ya kioo mpaka ulainike, kisha utandaze kwa rola. Sikiliza: ukiwa sawa unachakacha kwa sauti nyembamba, kama mafuta yanayoanza kuchemka kikaangoni. Ukisikia mlio wa kunata, na uso wa wino una vilima vidogo, umezidi. Mistari ya V itaziba yote. Punguza kwa kuburuza rola kwenye gazeti. Ukikaa kimya kabisa, ni mdogo mno.

Pitisha tabaka jembamba mara nne au tano kwa pande tofauti, ukirudi kwenye kioo kila mara. Chapa mbili za kwanza zitapauka, kwa sababu lino bado inakunywa. Zichape kwenye karatasi ya fotokopi. Kwa chapa zenyewe, karatasi ya kuchorea ya gramu 120 hadi 150 inatosha. Ya gramu 200 kwenda juu inagomea kijiko isipolainishwa kwa unyevunyevu. Laza karatasi juu ya lino yenye wino, kisha sugua kwa mgongo wa kijiko cha mbao, kwa miduara, kutoka katikati kwenda kingoni, huku kiganja kingine kikizuia karatasi isitembee. Inua pembe moja, tazama, rudisha, ongeza palipopauka. Picha yenye kivuli pembeni maana yake karatasi imesogea. Madoa meupe yanayorudi palepale ni vumbi au shimo kwenye lino. Yanayohamahama ni wino mdogo.

Tundika chapa kwa vibanio vya nguo. Kiangazi zinakauka kwa siku chache. Masika unaweza kungoja zaidi ya wiki, na kuzirundika mapema ni kuziharibu zote kwa pamoja. Kioo, rola na lino safisha kwa mafuta ya alizeti, kisha sabuni ya maji na kitambaa. Mafuta ya taa acha: yanachubua ngozi na kujaza chumba harufu. Hakikisha hakuna mafuta yaliyobaki kwenye mistari, vinginevyo chapa ijayo itatoka na mabaka. Lino ihifadhi ikiwa imelala, gizani. Iliyozeeka juani hupasuka ukiikunja.