Harufu ya Karafuu

Juzi nimefungua mlango, harufu ya mafuta ya karafuu ikanipokea kabla ya watu. Binti yupo kwenye mkeka, mguu juu ya mapaja ya bibi yake, kifundo kimevimba upande wa nje kama embe dodo. Sufuria ya maji ya moto inafuka pembeni.

"Nimetua vibaya, Mama. Halafu mechi ni Jumamosi."

Mama yangu hakuinua hata kichwa. Mikono ni ileile, na mafuta naamini ni ya duka lilelile.

Mimi nilikuwa kidato cha tatu, nacheza netiboli namba ya C, yaani katikati, na jina langu lilikuwa limeshatajwa kwenye kambi ya mkoa ya UMISETA, michezo ya shule za sekondari. Waliocheza netiboli wanajua: ukidaka mpira hewani unatakiwa utue na kuganda. Mguu uliotua kwanza ukiuinua, uwe umeshauachia mpira kabla mguu huo haujagusa chini tena. Mwili bado una safari yake, miguu inaamriwa isimame. Siku ile nilitua juu ya kiatu cha mwenzangu, unyayo ukapindukia ndani, nikasikia ta! kama kijiti kikavu.

Usiku uleule nikakandwa kwa maji ya chumvi yanayounguza, kisha akaitwa mama mmoja wa mtaani aliyesifika kwa kuchua. Dole gumba lake sitalisahau. Asubuhi mguu ulikuwa umevilia damu mpaka vidoleni, haujulikani vidole vinaanzia wapi. Siku mbili tatu za mwanzo kano iliyochanika bado inavuja ndani, na joto na kuchua kwa nguvu ni kuiongezea. Ungefungwa bandeji na kuinuliwa juu ya mto, basi. Barafu hatukuwa nayo, maana friji hatukuwa nayo. Nimekuja kusoma ukubwani kwamba Gabe Mirkin, daktari wa Marekani aliyeipigia debe barafu mwaka 1978, baadaye mwenyewe alikiri huenda inachelewesha kupona. Kumbe ufukara ulitupunguzia kosa moja.

Wiki ya tatu maumivu yakaisha, nikarudi uwanjani. Siku ya pili yake nikatenguka tena, si uwanjani, bali nikishuka ngazi za darasa na daftari mkononi. Ndipo nikapelekwa hospitali. Picha ikaonyesha mfupa mzima, nikaelekezwa kwa mtaalamu wa mazoezi tiba.

Chumba chake kilikuwa na kitanda kimoja, kioo kilichopasuka kona, na tyubu ya baiskeli imefungwa kwenye mguu wa meza. Akaniachia siku kadhaa, uvimbe ukapungua, nikarudi.

"Kunauma?"

"Hakuumi."

"Simama kwa mguu mzima. Fumba macho."

Nikasimama. Akahesabu taratibu, akafika ishirini, akachoka yeye. Nikaanza kutabasamu.

"Huo mwingine."

Nikabadilisha. Moja. Mbili. Kabla ya tatu kifundo kikaanza kutetemeka chenyewe, kama sinia la chai mkononi mwa mtoto, na kabla ya nne nilikuwa nimekumbatia kitanda. Nikasema nimeteleza. Akaniacha nirudie. Safari hii nikabana meno, nikakaza mpaka shingo. Nikasikia vidole vikikwangua sakafu vikitafuta pa kushika, na bado nikaenda upande uleule, kule nje. Wala hakukuwa na maumivu hata chembe. Hilo ndilo lililonitisha.

"Maumivu yameondoka," akasema, "lakini mguu wako haujui uko wapi." Kano, akaeleza, hazifungi tu mifupa, zinapeleka habari pia. Zikichanika habari zinachelewa, na misuli inashtuka wakati umeshaanguka.

Mengine yalikuwa kazi ya kuchosha. Kuvuta tyubu kwa unyayo kwenda nje. Kunyanyua visigino, viwili kwanza, kisha kimoja. Kupiga mswaki nimesimama kwa mguu mmoja, ndugu zangu wakiniita korongo. Kukimbia mstari ulionyooka, baadaye kona, baadaye kuruka, mpira mwisho kabisa. Kukivimba kesho yake, unarudi nyuma hatua moja. Tarehe hakunipa. Alinipa sharti: mguu mbovu uruke mbali sawa na mzima.

Basi la kambi liliondoka bila mimi.

Sasa hapa ndipo ningependa kusema nilitii mpaka mwisho. Sikutii. Mguu wangu mbovu ulikuwa bado unaruka pungufu kama urefu wa kiatu kizima nilipoomba kuingizwa kwenye mechi ya shule. Nikacheza dakika zote, nikafunga bandeji kwa siri, na hakuna kilichonipata.

Juzi nikaisogeza ile sufuria. Nikambonyeza binti mifupa ya kifundo, nyuma na pembeni, nikamwambia atembee hatua nne, nione kama kuna dalili ya kuvunjika. Akatembea akikunja uso. Bibi yake akanuna: "Kwani wewe hukupona?" Sikuwa na jibu la haraka. Nikamwomba apake bila kuchua. Akapaka, kidole kimojakimoja, kama anayelisha kifaranga.

"Na Jumamosi?" binti akauliza tena.

Nikamwambia sharti ni kuruka sawa kwa miguu yote miwili. Hakuniuliza mimi nilirudi uwanjani lini. Mama aliniangalia, akaangalia mafuta yake, akanyamaza.