Siku anko aliita Moi bila Mtukufu

Mimi nilizaliwa 1983, Moi akiwa tayari kwa kiti cha rais wa Kenya, kwa hivyo utotoni ungeniuliza rais ni nini ningekwambia rais ni Moi, sikujua hicho ni cheo mtu anaweza kutoka akaingia mwingine.

Baada ya fomu foo nilikuwa nakaa kwa anko, mtaa wa Huruma, Nairobi, nyumba za mabati, jirani akipiga chafya unamwambia pole ukiwa kitandani kwako. Anko akitaka kusema kitu kuhusu serikali alikuwa anaongeza redio kwanza ndio aongee chini chini, na redio yenyewe ndio hiyo inasema Mtukufu Rais leo amefanya hivi na hivi, basi unasikia anko akinong'ona na Mtukufu kwa pamoja. Kuna rafiki yake alishikwa miaka ya themanini akarudi haongei sana. Zaidi ya hapo hakuwahi kunieleza.

Tukapiga kura tarehe 27 Desemba 2002, yangu ya kwanza. Mimi nilikuwa na furaha lakini wakubwa walikuwa na uwoga, walikumbuka 92 na 97 vile watu walichomewa nyumba huko Rift na Likoni, mama mmoja wa ploti yetu alikuwa amenunua unga wa wiki mbili na anko alilala na viatu. Tarehe 29 Kibaki wa upinzani akatangazwa, kura karibu mara mbili za Uhuru Kenyatta, yule Moi alitaka amrithi, na Uhuru akakubali ameshindwa. Hakuna aliyechomewa kitu kwetu. Ule unga tuliula mpaka Januari!

Kesho yake tukatembea hadi bustani ya Uhuru Park kuona Kibaki akiapishwa, tukipitia Juja Road, Pangani, Ngara, kila mahali barabara imejaa watu wanaimba, mimi sijawahi kuona umati kama ule tena, watu juu ya miti, watu wamebebana mabegani, jua linachoma na hakuna anayejali. Kibaki aliletwa na kiti cha magurudumu, mguu kwa plasta, shingo imefungwa, ile ajali ya mwanzo wa Desemba ilikuwa bado inamsumbua, na ukweli nilimuona kama kidoti cheupe tu, mengine nilisoma kwa gazeti. Wengine wakarushia gari la Moi matope. Hiyo sikuipenda, hata kama ni yeye, ni mzee anatoka kwa amani.

Lakini anko ndiye nakumbuka zaidi. Alisimama tu muda mrefu, mikono mfukoni, halafu ghafla akapiga kelele, "Moi!" Hivyo tu, hakuna Mtukufu, hakuna tusi. Halafu akageuka kuangalia nyuma, mazoea, akakuta mama anauza karanga anamcheka, naye akacheka mpaka akakohoa. "Umesikia, kijana?" Nimesikia anko. "Wacha nirudie." Akarudia, sijui mara ngapi, kama mtoto amefundishwa neno jipya, na sauti ilipokauka nikamnunulia karanga ambazo hakukula.

Jioni tulipata mathree, yaani matatu, ya kurudi, imejaa hadi mlangoni, na makanga akimpa anko chenji ya shilingi tano akamwambia, "Mzee, chukua Moi wako." Kweli sarafu zilikuwa bado na kichwa chake. Anko akaiangalia, akaigeuza, akaiweka mfukoni.

"Huyu bado ananunua mkate," akasema, kwa sauti, mat yote ikasikia.