Kidole cha mama kilikataa kusoma

Hii stori ni ya 2022, ule mwaka mvua ilitukataa kabisa huku Turkana, na nimeikumbuka juu jana kwa matatu nimeskia jamaa akisema ati wafugaji wamezoea pesa ya bure ya serikali. Bure! Mamangu aliweka kidole gumba kwa mashine ya ejenti wa kulipa hiyo pesa mara nne, anapangusa na leso, anatemea mate kidogo, anaweka tena, inakataa. Mtu amechoma makaa miaka yote hiyo, hizo alama za kidole utazitoa wapi? Akaambiwa arudi kesho, na kutoka hapo hadi nyumbani ni masaa matatu kwa miguu, ikabidi alale kwa dadake.

Na pesa yenyewe, ile ya HSNP, mpango wa serikali wa kusaidia maskini wa huku kwenye ukame, ilikuwa 5,400 kila miezi miwili, yaani 2,700 kwa mwezi, sasa gawia watu saba. Na si kila mtu anapata. Kuna wenye hulipwa kila mara, halafu kuna wengine akaunti wanayo lakini wanangoja hadi ukame uwe mbaya ndio nao walipwe, na mwenye anasema umekuwa mbaya si chifu wala wazee, ni satelaiti inaangalia kijani kutoka juu. Mimi sina ubaya na satelaiti, angalau haiombi chai. Lakini itajuaje mbuzi anakula nini? Nenda kando ya mto Turkwel uone vile mathenge, ule mti wa miiba, imejaa, kijani mwaka mzima, na mbuzi akizoea yale maganda yake meno yanaisha. Hata ile bima ya mifugo serikali ilianzisha 2015 hapa kwetu na Wajir ilitumia mambo ya satelaiti tu, na kwa hesabu yao mbuzi kumi ni sawa na ng'ombe mmoja. Mama nikimwambia hivyo anacheka, juu ng'ombe wakiisha ni mbuzi ndio hubaki.

Kenya nzima ule ukame ulimaliza mifugo zaidi ya milioni 2. Pesa inamsaidia mfugaji mbuzi akiwa bado anaamka mwenyewe. Ukishafika pale pa kumshika mkia kila asubuhi ndio asimame, hiyo 5,400 ni ya kulipa madeni tu.

Kesho yake mashine ilikubali, tena kidole cha kushoto. Dukani deni lilikuwa 3,200, jirani mwenye hayuko kwa listi akapewa 500, mama akanunua unga, na iliyobaki akanunulia mahindi mbuzi wawili wenye walikuwa wamebaki. Watu walisema amepata wazimu, binadamu wanalala njaa na yeye analisha mbuzi mahindi. Mbuzi mmoja alikufa wiki hiyo hiyo. Mwingine ni yule wa sikio limekatika, ukija kwetu chunga kamba za viatu.