Navigesheni ya gari ilikuwa haisomi diski, nimeitengeneza hivi

Jamani hii kitu ilinisumbua wiki nzima, kila nikiwasha gari skrini inaandika diski haisomeki, nikadhani DVD ya ramani ina mikwaruzo nikaifuta kwa kitambaa laini toka katikati kwenda nje, wapi. Nikaweka diski nyingine, yaleyale, basi nikajua ni draivu yenyewe, kile kifaa kinachosoma diski. Usikimbilie kununua mpya! Nikachomoa waya wa negativu kwenye betri, nikafungua kifuniko cha draivu, kumbe ile lenzi inayosoma diski, ndogo kama punje ya dengu, imefunikwa na vumbi imekuwa na ukungu kabisa. Nikapitisha pamba yenye alkoholi ya isopropili kidogo sana, taratibu bila kukandamiza maana lenzi inaning'inia kwenye vijiwaya vyembamba mno, nikaacha ikauke vizuri. Kurudisha betri tu, diski ikazunguka, ramani hiyo ikafunguka.