Godoro la Upepo

Kondakta alitaka 10,000 ya mzigo. Nikamwambia hili ni godoro la upepo, limekunjwa, halifikii hata uzito wa mtoto mchanga. Akaligonga boksi kwa konzi, akasema, "Boksi ni boksi, kaka." Saa kumi alfajiri, Mbagala Rangi Tatu, Kosta ya Nyamisati, kwenye boti za Mafia, imeshajaa mpaka mlangoni na bado watu wanaitwa. Tulivutana mpaka 6,000. Godoro likapanda juu ya kerea, pampu yake nikaipakata mwenyewe kama keki ya harusi, maana muuzaji wa Kariakoo aliniapia ina gwarantii ya mwaka mzima ila risiti akaniambia zimeisha.

Godoro lilikuwa la Bibi mzaa baba, kule Baleni, Mafia. Kiharusi kilimshika mwezi wa tano akiwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Upande wa kushoto ukafa wote, mdomo ukaenda kando, lakini ulimi ulirudi baada ya wiki chache na matusi yake ya utani yakarudi nao. Kwa miezi minane Shangazi Mkubwa alikuwa anamgeuza kitandani kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, kama nesi alivyomwelekeza, kwa sababu mwili ukilaliwa mahali pamoja damu haipiti na nyama inaanza kuoza. Baba Mdogo ni mvuvi. Yeye alisokota kamba ya makumbi, akaipitisha juu ya boriti, ncha moja akaifunga na kitambaa kwenye kifundo cha mkono mbovu wa Bibi, ncha ya pili akampa mkono mzima. Bibi akivuta kulia, kushoto kunapanda. Aliiita kamba hiyo kisima chake. "Niacheni niteke maji," alikuwa akisema, anavuta mpaka jasho linamtoka.

Binamu zangu wa kike walipokezana kufua. Mke wa Baba Mdogo alipika uji. Mzee mmoja jirani alimwandikia kombe la aya za Kurani kila Ijumaa, na Bibi alilinywa juu ya vidonge vya presha bila kubagua. Na mimi, mjukuu wa kwanza, niliye mjini? Mimi nilikuwa mtu wa simu. Nikifungua meseji za Shangazi za miezi hiyo minane, karibu zote zinaishia maneno yaleyale: "tuma na ya kutolea."

Mwezi wa kumi na mbili ngozi ya nyonga ikaanza kubadilika rangi. Kwenye kundi letu la WhatsApp mtu akaleta habari za godoro hili: lina vifuko vinavyojaa upepo na kupungua kwa zamu, hivyo mgonjwa halaliwi mahali pamoja. Tukachanga. Nikaambiwa ninunue, nilipeleke mwenyewe, kwa sababu Bibi alikuwa anauliza kila siku mumewe yuko wapi. Mumewe ni mimi. Tangu nazaliwa.

Tulipofika Bungu, pale barabara ya Kilwa inapoachwa na kushika ya Nyamisati, tairi la nyuma likapasuka. Tairi la akiba lilikuwepo, ila halina upepo. Jeki haikuwepo kabisa. Dereva akasimamisha lori la mkaa, wakaongea sana, wakacheka, lori likaondoka na jeki yake. Nilikuwa nimekaa juu ya boksi langu kando ya barabara nahesabu dakika, kwa sababu boti za Mafia haziendi kwa saa, zinaenda kwa maji, na siku ile ya asubuhi ilikuwa ya saa moja na nusu. Usiku wake mwezi ulikuwa mpevu. Mtu wa pwani anajua maana yake: bamvua. Maji yanajaa kupita kiasi, kisha yanapwa kupita kiasi.

Simu ikaita. Ningeona jina la Shangazi ningepokea haraka. Niliona la Baba Mdogo, nikaiacha iite kidogo.

"Uko wapi?"

"Bungu. Tuna pancha."

"Bibi yako katutoka. Adhana ya alfajiri ilikuwa haijaisha."

Nikasema yanayosemwa. Halafu, sijui kwa nini, nikamwambia godoro ninalo. Akajibu, "Sawa, baba. Njoo nalo."

Tuliingia Nyamisati saa tatu. Boti ilishaondoka. Nilikwenda mpaka mwisho wa gati kuangalia, kama vile ningeiona imenisubiri kwenye kona. Hakukuwa hata na mto wa kuangalia. Palipokuwa na maji palikuwa na tope jeusi linalometa, mizizi ya mikoko imesimama nje kama vidole, mitumbwi na mashua zimelala ubavu, na katikati kijito ambacho mbuzi angevuka. Boti inayofuata, alasiri, maji yakirudi. Nauli ya ndege ndogo ya kutoka Dar niliiulizia wiki ile nikacheka. Sasa moja ilinipita juu ya kichwa, imejaa, bila shaka, watu wanaokwenda kuogelea na papa potwe, na ingetua Kilindoni kabla sijamaliza kuilaani.

Ndipo akanijia kijana mmoja amevaa jezi, mpole, ana sauti ya pole. Kaka, nimesikia umefiwa. Kuna boti ya faiba ya shemeji yangu, inashika maji madogo, nipe 40,000 ya mafuta, nyingine utamalizia Kilindoni, ndani ya nusu saa tumeondoka. Nilimpa. Alinishika bega kabla ya kwenda. Hilo la bega ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko hela.

Mama lishe mwenye kibanda karibu na gati alikuwa ananitazama wakati wote, kijiko mkononi. Nusu saa ilipopita, na nyingine, akaniita.

"Umempa kiasi gani?"

Nikamwambia.

"Si ungeniuliza kwanza, mwanangu? Mdomo wa mto wenyewe umekauka, hata mtumbwi wa kaa haupiti. Shemeji! Yule hana hata dada."

Watu waliokuwa wakinywa chai wakacheka, kisha mmoja akauliza nimefiwa na nani, na kicheko kikakatika palepale. Nikasema bibi yangu, wa Baleni. Mzee mmoja mwenye kanzu iliyopauka akauliza Baleni ya wapi, ukoo gani. Nikamtajia. Akasema alishawahi kununua nazi kwa babu yangu, miaka hiyo nazi inahesabiwa kwa mia. Akaomba mkeka. Mkeka ukatandikwa ubavuni mwa kibanda, tukakaa watu wapatao tisa, wachuuzi wa samaki, wapagazi wa gatini, abiria wenzangu wa pancha, tukainua mikono, akatuongoza Fatiha. Waliopita njia wakavua ndala, wakakaa kidogo, wakanipa mkono, wakaenda zao. Ndiyo matanga yangu ya kwanza, kando ya ndoo ya samaki wa kukaanga, kwa watu nisiowajua majina. Chai na mihogo mama lishe alikataa hela. Soda na kuchaji simu alinitoza, 500 ya chaji. Nadhani alikuwa sahihi. Msiba nao una mpaka wake.

Saa tano Baba Mdogo alipiga tena. Bibi ameshaoshwa, sanda imepatikana Kilindoni, watu wamejaa. Nitaingia saa ngapi? Nikasema usiku, pengine isha. Nikamwomba waningoje. Mimi ndiye niliyetakiwa kuingia kaburini kumpokea, Baba Mdogo na mimi na mtoto mwingine mmoja wa nyumba, wanaume maharimu zake. Bibi mwenyewe alishalisema hilo kwa utani mara mia: mume wangu atanilaza.

Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Maiti hangoji bamvua, baba," akasema. "Tunamzika baada ya adhuhuri. Nitakupigia tukiwa pale. Wewe usipige, simu yangu ina mlio wa taarabu."

Akapiga kweli. Aliitia simu mfuko wa shati na akaniacha humo. Nilisikia pumzi yake kwanza, kisha nyayo nyingi, na tahlili inayopanda na kushuka kadiri jeneza lilivyopokezwa bega kwa bega. Nilihama kibanda nikaenda kusimama chini ya mkoko ulio mwisho, kidole kwenye sikio la pili. Nikasikia, "Taratibu. Taratibu. Kichwa." Nikasikia sauti ya binamu yangu mdogo, wa miaka kumi na tisa, ikitoka chini kabisa, imebanwa: "Nimempata." Kisha ubao. Ubao mwingine. Kisha simu ikakatika.

Salio lake lilikuwa limeisha.

Nikasimama na simu mkononi. Kupiga siwezi, taarabu italia makaburini. Basi nikafanya kile nilichokuwa nikikifanya miezi minane: nikamrushia 1,000. Kisha nikangoja autambue mtetemo kifuani. Maji yalikuwa yameanza kurudi, yanaingia kwa vidole vyembamba katikati ya tope, hayana sauti. Majembe yalikuwa yanafukia huko ng'ambo na mimi siyasikii. Nilichuchumaa, nikachota tope mara tatu nikalirudisha palepale. Sijui lina hukumu gani na sijamuuliza shehe. Baba Mdogo alipopiga tena talkini ilikuwa mwishoni. Nikasikia "Amin" ya watu wengi, na upepo wa kaskazi unapiga kwenye simu.

Habari za kuvuka si nyingi. Boti ilijaa, kiti changu kilikuwa na msumari, watoto wakatapika tulipotoka kwenye mikoko na kukuta kaskazi mbele. Mwanamke wa jirani yangu aliniuliza ninakwenda nyumbani au ninatembea. Nikasema nyumbani, halafu nikalifikiria jibu langu njia nzima. Chumba changu Mbagala nakilipia kwa miezi sita sita, na mwenye nyumba hajui jina langu la pili. Baleni kuna mnazi ambao kitovu changu kimefukiwa chini yake, Bibi alikuwa akinionyesha kila likizo na kunikataza kuupanda. Lakini miaka mitatu ilikuwa imepita sijautia machoni. Mnazi huo unazaa na sijui nani anaangua.

Kilindoni bodaboda alitaka 15,000 kwa sababu ya boksi. Tukaenda kwa 8,000, boksi kichwani kwangu, gizani, kati ya minazi.

Kinamama walikuwa ukumbini na barazani, kanga mabegani. Sijamaliza salamu, bibi mmoja mwenye jino moja, rafiki yake Bibi wa tangu utoto, akapaza sauti: "Jamani, huyu ndiye mume? Mkewe kazikwa na wanaume wengine, yeye ndiyo anaingia na boksi!" Wakaangua kicheko, wale wale waliokuwa wakilia dakika ile. Wakanizuia mlangoni. Faini, 20,000, vinginevyo silali ndani. Hela hiyo niliitoa bila kubishana. Nilipoitoa, yule bibi akanivuta kichwa akakiweka begani kwake, na hapo ndipo nililia.

Siku za matanga ni zilezile kwa kila mtu anayezijua: sufuria, mikeka, wageni, kulala barazani na mbu. Binamu yangu mdogo hakutaka kuongea nami siku ya kwanza. Ya pili alinionyesha mikono yake, akasema Bibi alikuwa mwepesi sana. Hakuongeza neno.

Shangazi Mkubwa ndiye aliyekuwa hakai. Usiku wa kwanza, saa nane, nilimwona amesimama mlangoni mwa chumba cha Bibi, mkono juu ya fremu. Usiku wa pili vilevile. Saa nane, saa kumi. Mwili wake ulikuwa bado unaamka kumgeuza mama yake. Mchana aliinama kupakua wali, akashindwa kuinuka mpaka akashikwa mkono.

Siku ya tatu, baada ya hitima, watu wamepungua, akaliona boksi pembeni ya kabati.

"Ndilo hilo?"

Tulilifungua. Baba Mdogo akalitandaza juu ya kitanda cha Bibi, chini ya kamba ya makumbi iliyokuwa bado inaning'inia. Nikachomeka pampu, nikamkumbuka yule wa Kariakoo, nikajiandaa kwa aibu. Ikanguruma. Vifuko vikaanza kujaa kimoja kimoja.

"Hebu nione mlitaka kumlaza wapi mama yangu," Shangazi akasema. Akapanda na kanga yake, akalala chali, macho darini. Tukasimama tunamtazama kama wauza duka. Vifuko vya chini ya mgongo wake vikashuka, vya pembeni vikapanda.

"Kumbe linanigeuza," akasema.

Akafumba macho. Baba Mdogo akaifungua kamba juu ya boriti, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni. Watoto wakafukuzwa uani. Sisi wawili tukabaki kwenye viti mlangoni, tunaongea bei ya ngisi kwa sauti ya chini, na yeye akiniambia mnazi wangu unaanguliwa na nani na kwamba nadaiwa ujira.

Saa nane ikafika. Baba Mdogo aliinuka kidogo kitini, akachungulia ndani.

Shangazi alikuwa anakoroma.